Gari la marehemu na petroli iliyolala

Chini ya mwembe, katika ua wa nyumba moja ya Kendwa, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, gari jeupe aina ya Noah lilisimama kwa muda wa miezi kumi. Mwenyewe alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa akiwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwafikisha katika hoteli za ufukweni, na siku ya Ijumaa akiwapakia wazee wasiojiweza kwenda msikitini bila ya kuwatoza kitu. Alipofariki dunia, mwanawe mkubwa aliliegesha gari pale pale, akafunga milango, akamkabidhi mama yake ufunguo. Tangi lilikuwa na petroli nusu. Hakuna aliyedhani kwamba nusu ya tangi ingekuja kuitikisa nyumba nzima.

Familia hiyo imeturuhusu kuyaeleza yaliyowafika, kwa sharti kwamba majina yao tusiyataje. Tumelipokea sharti hilo kwa heshima. Tunayaeleza kwa sababu nyumba zenye gari la namna hii ni nyingi: gari la marehemu linalosubiri mirathi, gari la ndugu aliyeko Maskati au London anayerudi mara moja kwa mwaka, gari la hujaji aliyesafiri, gari la kazi lililolazwa kwa sababu wageni hawapo. Yote hayo yana mafuta ndani, na mafuta hayakai kama yalivyotiwa.

"Msiliguse"

Baada ya hitima, ami yao, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, aliwakusanya watoto barazani.

"Wanangu," aliwaambia, "mali ya marehemu si ya mtu mmoja. Gari hili msiliguse mpaka mirathi ipite."

"Sawa, ami," wakajibu.

Neno lile lilitoka katika moyo safi. Ami alichelea mtu mmoja asije akalitumia gari kwa faida yake, na kesho wengine wakasema ameila haki ya mayatima. Nao watoto walichelea hivyo hivyo. Kwa hiyo kila mmoja akajiweka mbali. Mjane alikuwa ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi. Gari akiliona kila siku kupitia dirishani, lakini hakuona kama ni jambo lake kulisemea.

Sheria ya mirathi ina utaratibu wake. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wakagawana. Katika familia hii lilizuka deni ambalo ushahidi wake ulichukua muda kupatikana, na binti mmoja aliyeolewa Maskati alihitajika kuwapo. Eda ikamalizika, msimu wa wageni wa Julai na Agosti ukaja na ukapita, na gari likawa limo chini ya mwembe. Kuku walitaga mayai chini yake. Masika ilikuwa imekwisha kulinyeshea, na joto la kiangazi likalipika.

Tuseme wazi mapema: kuacha kuigusa mali si sawa na kuihifadhi. Shamba lisilopaliliwa huota magugu, na nyumba isiyokaliwa hubomoka. Gari nalo ndivyo lilivyo, isipokuwa kwamba uharibifu wake huanzia mahali ambapo jicho halifiki, yaani ndani ya tangi.

Kwa nini petroli huzeeka

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya viambato vinavyotokana na mafuta ghafi, vingine vyepesi sana, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoisaidia injini kuwaka upesi asubuhi, na ndivyo vinavyotangulia kuruka hewani. Petroli iliyokaa muda mrefu huwa imepoteza wepesi huo, na ndiyo sababu injini huzunguka na kuzunguka bila ya kushika.

Jambo la pili ni hewa. Oksijeni iliyomo katika nafasi tupu ya tangi hukutana na petroli na kuibadilisha kidogo kidogo. Hutokea utando wa rangi ya kahawia unaonata kama ulimbo. Ulimbo huo hushika katika filta, katika pampu na katika nozeli, ambazo matundu yake ni membamba mno. Katika mashine zenye kabureta, kama vile jenereta nyingi na pikipiki za zamani, ulimbo huziba vijitundu vya kabureta, na mashine hukataa kabisa.

Jambo la tatu ni maji. Sisi watu wa pwani tunaijua hewa yetu: chumvi hulowa kwenye kikopo, na msumari hushika kutu ukutani. Tangi lililo nusu hupata joto mchana na kupoa usiku. Linapopoa, unyevu uliomo katika hewa hugeuka matone na kuteremka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa pale chini, karibu na mahali pampu inapovutia mafuta, na kama tangi ni la bati, huanza kulila kwa kutu. Katika nchi ambako petroli huchanganywa na spiriti, kama Marekani, na Uingereza ambako mchanganyiko wa asilimia 10 ndio wa kawaida tangu mwaka 2021, tatizo la maji huwa kubwa zaidi, kwa sababu spiriti huvuta unyevu.

Dizeli ina maradhi yake mengine. Hairuki upesi kama petroli, na hivyo hustahimili muda mrefu zaidi. Lakini maji yakikusanyika chini yake, vijidudu na kuvu huota mahali maji na dizeli vinapokutana, na kuacha matope meusi yanayoziba filta. Mwenye gari la dizeli au jenereta kubwa ya hoteli asijidanganye kwamba yeye amesalimika.

Je, ni muda gani? Petroli iliyofungwa vyema katika chombo kilichojaa, mahali pa baridi, inaweza kukaa miezi sita na zaidi ikiwa bado inafaa. Katika tangi la gari lililo nusu, juani, mafundi huanza kuitilia shaka baada ya miezi mitatu. Miezi kumi chini ya mwembe wa Kendwa si muda wa kubahatisha.

Tulikwisha kuonywa

Wakazi wa Unguja wana sababu ya kulijua jambo hili. Mwaka 2008, kati ya Mei na Juni, kisiwa kizima kilikaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme baada ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka bara. Hali ikarudi kwa ukali zaidi Disemba 2009, na giza likaendelea hadi Machi 2010. Walioweza walinunua jenereta. Umeme uliporudi, jenereta nyingi zilisukumwa uchagoni au chini ya ngazi zikiwa na petroli tumboni, na wenyewe wakazisahau mpaka siku zilipohitajika tena.

Likaja janga la korona mwaka 2020. Machi mwaka huo wageni walianza kutoweka, Aprili Tanzania ikasimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje, na anga likafunguliwa tena Mei. Vijiji vinavyoishi kwa utalii kama Kendwa na Nungwi havikurudia hali yake siku ile ile. Magari yaliyozoea kwenda uwanja wa ndege na kurudi kila siku yalilala majumbani. Anayeishi kwa gari akikosa abiria hana fedha ya kujaza tangi kwa ajili ya gari lisilokwenda popote. Huliacha na kile kilichobaki. Na hicho kilichobaki ndicho huharibika upesi, kwa sababu kadiri petroli inavyopungua ndivyo hewa inavyozidi.

Hata bila ya janga, kila mwaka ifikapo masika wageni hupungua, baadhi ya hoteli za kaskazini hufunga milango, na magari hupumzishwa. Kwa hiyo tunaloliandika hapa ni jambo la kila mwaka.

Siku ya chupa

Turudi katika ua wa Kendwa. Binti alipowasili kutoka Maskati na mazungumzo ya mirathi yakakaribia mwisho, warithi waliafikiana gari liwashwe ili lijulikane thamani yake. Kijana mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alinunua betri ya kuazimia moto, akapiga swichi. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena na tena. Kila alipopiga, pampu iliyavuta mafuta mabovu na kuyasukuma mbele zaidi, mpaka kwenye nozeli.

Rafiki yake mmoja akamshauri ayatoe mafuta ya zamani. Wakakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, wakaupitisha kwenye mdomo wa tangi, na kijana akavuta kwa kinywa chake, kama walivyowaona watu wengi wakifanya. Petroli ikampanda ghafla. Akaitema, nyingine ikampita kooni, akashikwa na kikohozi cha kumtoa machozi. Hata hivyo mafuta yakaanza kutiririka, nao wakayakinga katika vyombo walivyovipata: ndoo moja na chupa tatu za maji ya kunywa. Chupa wakaziweka barazani, mmoja akaenda kutafuta dumu, na kijana akaenda kusukutua kinywa.

Kitinda mimba wa nyumba ile ana umri wa miaka minne. Alikuwa akicheza, akaona kiu, akaona chupa.

Mama yake anasema alikuwa jikoni akikuna nazi, na kilichomtoa nje ni harufu. Alimkuta mtoto ameishika chupa kwa mikono miwili, midomo imelowa, anakohoa. Alimpokonya, akapiga ukelele. Majirani wakajaa. Mmoja akaleta maziwa, mwingine akataka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Aliyewazuia ni bibi mmoja jirani, muuguzi mstaafu. "Msimtapishe!" alisema. "Yakipanda tena yatamwingia mapafuni." Akamvua mtoto nguo zilizolowa, akamwosha midomo na ngozi kwa maji na sabuni, na kumkalisha wima. Gari la jirani likawapeleka Hospitali ya Kivunge, ambako mtoto aliangaliwa pumzi yake usiku kucha. Asubuhi alirudi nyumbani akiwa mzima, alhamdulillahi. Kijana naye kifua kilimuuma siku kadhaa.

Alichokisema bibi yule kila mzazi akihifadhi. Hatari kubwa ya petroli iliyomezwa haiko tumboni bali mapafuni. Tone dogo likiingia njia ya pumzi huweza kuleta homa kali ya mapafu. Kumtapisha mtoto ni kuipa petroli nafasi ya pili ya kupita njia hiyo, na kumlazimisha kunywa maziwa kunaweza kumsababishia kutapika. La kufanya ni kumwosha, kumwacha akae wima na kumkimbiza hospitali hata kama anaonekana hana neno, kwa sababu dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Chupa yenyewe ichukuliwe, ili mganga aone ni kitu gani alichokunywa.

Fundi alivyofanya

Baada ya tukio lile ami mwenyewe ndiye aliyemwita fundi kutoka Nungwi. Tulimkuta akiwa amekwisha kumaliza, naye alikubali kutuonyesha hatua kwa hatua.

Kwanza hakugusa swichi. "Mama," alimwambia mjane, "gari hili halina ugonjwa. Lina sumu tumboni, na kila mkiliwasha mnalinywesha." Gari likasukumwa mpaka uwazini, mbali na jiko la kuni, mbali na chumba cha jenereta. Alikataza sigara, na akaomba chetezo cha udi kilichokuwa barazani kiondolewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, hufuata mteremko, na ukikuta kaa la moto hata hatua nyingi kutoka hapo, moto hurudi nao mpaka kwenye chombo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya kugandisha maji, seuze joto letu.

Hapa tuwakumbushe wasomaji wetu msiba wa Morogoro wa tarehe 10 Agosti 2019, tukiwa tunaisubiri Idi kubwa. Lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli kwa madumu, moto ukawaka, na zaidi ya watu mia moja wakapoteza maisha. Lori ni lori na gari la nyumbani ni gari la nyumbani, lakini mvuke ni ule ule.

Fundi alitenga ncha ya betri ili pasitoke cheche. Akayatoa mafuta kwa pampu ndogo ya mkono, si kwa kinywa, mpaka kwenye madumu maalumu ya mafuta yaliyowekwa chini ardhini, si juu ya kiti cha gari wala juu ya plastiki, kwa kuwa msuguano huzaa umeme unaoweza kurusha cheche. Kiasi kidogo alikitia katika chupa ya kioo, akakiacha kitulie. Tulijionea wenyewe: rangi ilikuwa ya chai ya rangi, harufu ilikuwa chachu kama ya vanishi kuukuu, na chini kabisa palikuwa na maji yaliyojitenga yenye chembe za kutu. Petroli nzuri huwa angavu, nayo harufu yake ni kali na nyepesi.

Kisha akabadilisha filta ya mafuta, akazifungua nozeli na kuzisafisha, akasafisha plagi. Alitia lita kumi za petroli mpya. Kabla ya kuwasha alifungua swichi nusu na kuizima mara nne, ili pampu ijaze mabomba mafuta safi. Mara ya tano akawasha. Injini ilitikisika, ikatoa moshi kidogo, ikatulia.

Alituambia kwamba kama asingekuta mtu amelipiga swichi mara nyingi, kazi ya nozeli huenda isingehitajika. Gharama ya kazi nzima ilizidi mara kadhaa thamani ya mafuta yaliyokuwamo.

Yaliyotolewa yaende wapi

Swali hili wengi hulijibu kwa kumwaga nyuma ya nyumba. Kaskazini ya Unguja sehemu kubwa ya ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu na mapango, na udongo wake ni mchache. Kinachomwagwa juu hakichelewi kufika chini, na chini ndiko kuliko na maji ya visima tunavyonywea na kutilia udhu. Anayemwaga dumu la petroli uani anaweza kuwa anamwagia jirani yake kisimani. Baharini pia si mahali pake: kina mama wanaokota chaza na wavuvi wanaoteremsha nyavu hawajatukosea kitu.

Petroli iliyokaa muda mfupi, iliyo angavu na isiyo na maji wala harufu mbaya, inaweza kuchanganywa kidogo kidogo na mpya, kwa mfano lita moja ndani ya tangi lenye lita ishirini na zaidi. Iliyoharibika kabisa, kama ile ya Kendwa, isitiwe katika chombo chochote cha moto. Ifungwe katika dumu la mafuta, iandikwe kwa maandishi makubwa kuwa ni mbovu, na ipelekwe katika gereji au kituo cha mafuta kinachokubali kuipokea. Asiyejua aulize Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kabla ya kufanya lolote.

Na kuna jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: petroli ya zamani isichanganywe na mafuta ya taa, wala isitiwe katika jiko la utambi au kandili kwa kisingizio cha kubana matumizi. Jiko lililotengenezwa kwa mafuta ya taa likitiwa petroli hulipuka. Wala petroli isihifadhiwe katika chupa ya maji, ya juisi au ya mafuta ya kupikia, hata kwa dakika tano. Katika nyumba ya Kendwa dakika tano zilitosha.

Kabla ya kuliacha gari

Anayejua kwamba gari lake litasimama ana njia nyepesi. Kama ni kwa wiki chache, amwachie mtu mwaminifu aliendeshe mara moja kwa wiki kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka injini ipate moto sawasawa. Kuliwasha dakika mbili mlangoni na kulizima si tiba.

Kama ni kwa miezi kadhaa, tangi lijazwe petroli mpya, ibakie nafasi ndogo tu ya kutanuka kwa joto. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa wala unyevu. Ziko dawa za kuhifadhi petroli zinazouzwa katika baadhi ya maduka ya vipuri. Hizo hutiwa petroli ikiwa ingali mpya, kisha gari likawashwa kama dakika kumi ili dawa ifike katika mabomba. Petroli iliyokwisha kuharibika haifufuliwi na dawa hizo. Gari liegeshwe kivulini na nje, si katika chumba kinachopakana na jiko.

Jenereta na mashine ndogo zenye kabureta zifungwe bomba la mafuta, kisha ziachwe ziungurume mpaka zizime zenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Wenye boti wanaopandisha mashine zao pwani wakati bahari ni chafu wafanye vivyo hivyo. Wenye dizeli wakumbuke kuyatoa maji katika kikombe cha chini cha filta, pale kilipo.

Na kama inatarajiwa kwamba gari litasimama mwaka au zaidi, basi huenda kuliuza ni bora kuliko kulilinda.

Nani mwenye ufunguo?

Tulilipeleka suala la familia hii kwa mwalimu mmoja wa madrasa, tukamwuliza kama ami alikosea. Alifikiri kwanza. "Hakukosea kuwazuia wasilitumie," alitujibu. "Alisahau kumteua wa kulitunza. Mali ya yatima haikulindwa kwa kufuli peke yake. Ikiharibika mikononi mwetu ilhali tuna uwezo wa kuiokoa, tutajibu nini?"

Alitufafanulia kwamba tangu mauti yanapotokea kila mrithi ana sehemu yake katika gari lile: mjane thumuni yake, mama wa marehemu sudusi yake, na watoto kilichobaki. Nozeli iliyoziba imezibwa katika sehemu ya kila mmoja wao, akiwamo mtoto wa miaka minne ambaye hana kauli. Kwa hiyo warithi wanaweza kukubaliana mapema, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, kwamba fulani atalitunza gari, ataliendesha kiasi kadhaa kwa wiki, na kila senti itakayotumika au kuingia itaandikwa. Wanaweza pia kukubaliana liuzwe na fedha zihifadhiwe. Wasipoafikiana, hapa Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayoshughulikia mirathi za Waislamu, na ziko Mahakama za Kadhi. Kufika huko mapema si kuuvunja ukoo. Mara nyingi ndiko kuunusuru.

Hayo hayo yanamhusu aliyeachiwa gari na nduguye wa Maskati au wa London. Ufunguo ukitundikwa ukutani peke yake, amana haijatimizwa. Mwulizeni mwenyewe kabla hajapanda ndege: tangi lijazwe au litolewe mafuta? Nani aliendeshe, na mara ngapi? Na likiharibika, nani alipe? Ni maneno ya dakika kumi, nayo huzuia ugomvi wa miaka.

Tulipoondoka Kendwa magharibi ilikuwa ikikaribia. Warithi walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba gari lirudi kazini kwa msimu wa Disemba chini ya uangalizi wa ami, na mapato yaandikwe mpaka mirathi ikamilike. Ami alituonyesha daftari lenyewe. Ukurasa wa kwanza ameandika gharama ya fundi, na pembeni yake ametia saini kwamba amezilipa kutoka mfukoni mwake.

"Amri ilikuwa yangu," alisema.

Mama wa nyumba alitusindikiza mpaka mlango wa ua. Dumu la mafuta mabovu lilikuwa limefungwa, limeandikwa kwa rangi nyekundu, likisubiri kuchukuliwa kesho yake. Barazani hapakuwa na chupa hata moja. Alituambia kwamba tangu siku ile maji ya kunywa nyumbani mwake yanakaa katika mtungi, na kila chupa inayoingia huinusa kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awalinde mayatima wake, na atuwezeshe sote kuzitekeleza amana zetu. Amin.